Nne chini, moja juu: kuchora vurugu kwa rangi za mafuta

Vijana wengi wanaonionyesha picha zao za kisurialisti, zile za mambo ya ajabu kama ya ndotoni, hapa Arusha wana ugonjwa mmoja. Tembo mwenye mabawa, saa inayoyeyuka, jicho katikati ya mlima, vyote vimejazana kwenye kitambaa kimoja. Nikiuliza tembo anafanya nini pale, najibiwa, "Ni ndoto tu, bro." Hapana. Hata ndoto ya homa ina utaratibu wake, ndiyo maana inatisha. Ukiweka maajabu bila sababu, unabaki na stoo.

Ninachowashauri ni kutafuta vurugu ya kweli kwanza, waitazame mpaka waione kanuni inayoiendesha, halafu wachore ile kanuni. Vurugu itakuja yenyewe.

Mimi yangu niliitoa Soko la Kilombero. Anayelijua asubuhi hahitaji maelezo: mikokoteni, makondakta wanaita abiria kwa sauti zilizokauka, kifodi, yaani kibasi cha abiria, kinarudi nyuma huku mtu anavuka na tenga la kuku kichwani. Utadhani hakuna anayejua anachofanya. Sasa simama mbele ya nyanya. Kuna mama hupanga kila fungu vilevile, nne chini na moja juu, safu baada ya safu. Nilimuuliza kwa nini hazimwagi tu kwenye sinia akapunguza kazi. "Mwanangu, nikizimwaga mteja anaanza kuhesabu. Zikipangwa anaona fungu."

Picha yangu ikazaliwa hapo. Ukiitazama haraka ni fujo tupu: miamvuli inaelea imepinduka, kifodi kinachomoza kwenye sinia la dagaa, Mlima Meru umesimama kwa ncha yake juu ya mizani ya muuza viazi. Lakini kila kundi lina vitu vinne chini na kimoja juu. Vichwa vya wateja viko hivyo, miamvuli iko hivyo, mawingu pia. Hata mabaka makubwa ya kivuli, yale unayoyaona ukiwa mbali, ni manne mazito sehemu ya chini na moja jepesi juu. Sijamwambia mtazamaji. Anachohisi ni kwamba vitu vimepeperuka na bado picha haianguki.

Kanuni iwe ndogo, tena moja. Ukiweka mbili zinagombana. Na irudie kwa ukubwa tofauti, kuanzia kitu cha kidole gumba mpaka umbo la picha nzima. Kuijaribu ni rahisi: igeuze picha kichwa chini, finya macho mpaka vitu vipotee yabaki mabaka tu. Mpangilio ukipotea pamoja na vitu, ujue ulikuwa kwenye mada tu, kwenye mchoro haukuwepo.

Kuna wanaoniambia mambo haya ni ya Wazungu. Ni kweli mwandishi Mfaransa André Breton alitoa ilani ya usurialisti Paris mwaka 1924. Lakini nenda ukatazame vinyago vya Kimakonde, hapahapa mjini vimejaa. Shetani wa Kimakonde ana jicho moja, mdomo ubavuni, mguu unaogeuka mkono, na aliyemchonga hakusubiri ilani ya mtu. Kinyago cha ujamaa ndicho darasa lenyewe kwa mada hii: watu wamepandana, wamekumbatiana, huyu kakanyaga bega la yule, huwezi kujua mkono ni wa nani. Kinachowashika wote ni gogo. Mchongaji hakuvuka duara la gogo lake la mpingo. Mchoraji hana gogo, kwa hiyo inabidi ajitengenezee.

Mambo yanayotokea kwa bahati tu nayo yana kazi yake, ila yaingie mapema. Mchoraji Mjerumani Max Ernst mwaka 1925 alianza kuweka karatasi juu ya mbao za sakafu na kusugua kwa penseli, michirizi ya mbao ikatoka, akaona ndani yake misitu na ndege. Baadaye akaihamishia mbinu hiyo kwenye rangi za mafuta kwa kukwangua. Mimi natumia gunia la katani: nalitandika chini ya kitambaa kilichopakwa rangi, nakwangua kwa kisu cha rangi, na nyuzi za gunia zinajichora. Hapo ndipo natafuta kanuni yangu inataka kukaa wapi. Ninayoyahitaji nayaacha, mengine nayafunika bila huruma.

Sasa mafuta yenyewe, maana hapa wengi wanaharibu kazi nzuri. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake yanavuta oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu, na baridi inachelewesha jambo hilo, kwa hiyo Juni na Julai usiwe na haraka. Tabaka la kwanza liwe jembamba, limelainishwa kwa tapentaini. Kahawia ya udongo inafaa sana hapo kwa sababu hukauka upesi. Kila tabaka linalofuata liwe na mafuta zaidi ya lililotangulia. Ukigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini, litapasuka, na hiyo siyo vurugu tunayoitafuta. Ukitumia amerikani, ipake praima kwanza, ile rangi ya msingi ya kuziba nyuzi, kwani mafuta yakigusa nyuzi tupu yanaziozesha. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa pembeni. Yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Usianze na kitambaa kikubwa kwa sababu tu mada ni kubwa. Ile picha ya mchoraji Mhispania Salvador Dalí ya saa zinazolegea, ya mwaka 1931, ina sentimita 24 kwa 33 tu, inazidi kidogo karatasi ya A4. Kwenye eneo dogo kanuni haina pa kujificha, utajua upesi kama ipo.

Mtalii akiipenda picha yako na ndege yake ni kesho, mwuzie, lakini mweleze ukweli: vanishi ya mwisho, ile ya kuilinda rangi, inasubiri miezi sita hadi mwaka, kutegemea unene wa rangi. Picha ambayo bado ni mbichi usikubali ikunjwe hata akiongeza dau, mwambie utamtumia. Ikiwa imekauka na lazima isafiri bila fremu, izungushe kwenye bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje. Wengi hufanya kinyume wakidhani wanailinda, kumbe wanaibana rangi mpaka inajikunja.