Mkarafuu na jina lake la pili

Wete, Pemba

Mwanangu,

Wa alaykumu salaam. Ujumbe wako nimeupata. Unasema huko Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo ya Unguja, kibao cha mkarafuu kimeandikwa jina lake la Kilatini, Syzygium aromaticum, na unataka kujua hilo neno la pili lina silabi ngapi, litamkwe vipi mbele ya wageni, na maana yake nini.

Silabi ni tano: a-ro-ma-ti-cum, na hiyo c isome k. Kinachotega ni mkazo. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo utateleza useme aromaTIkum bila kujijua. Kilatini hakiendi hivyo kila mara. Silabi hiyo ikiwa nyepesi, yaani irabu yake fupi na haikufungwa na konsonanti, mkazo hurudi nyuma. Ti ni nyepesi, basi sema aroMAtikum. Syzygium nayo vivyo hivyo: siZIgium. Ukifika kwenye tangawizi, Zingiber officinale, ulimi wa nyumbani unatosha. A ya silabi -na- katika officinale ni ndefu, mkazo unabaki hapo hapo.

Asili ya aromaticum ni Kigiriki: aroma kilikuwa kiungo cha kunukia, Warumi wakalichukua. Kwa hiyo aromaticum ni "wenye kunukia viungo". Mlangilangi umepewa odorata, wenye harufu tu, na mimi naona ni haki: nani anatia langilangi kwenye pilau?

Mgeni akikuuliza mbona vitabu vya zamani vina aromaticus, usitahayari. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, mwaka 1753 aliuita mkarafuu Caryophyllus aromaticus. Mwaka 1939 wataalamu wa mimea Merrill na Perry wakauhamishia Syzygium, jina ambalo kwa Kilatini si la kiume wala la kike, na kivumishi kikalazimika kufuata, aromaticus ya kiume ikawa aromaticum. Ni upatanisho tu, kama sisi tunavyosema mti mzuri lakini jani zuri.

Ila usianze na hayo. Chuma kwanza tumba lililoanza kupiga wekundu, limkabidhi mgeni, mwambie aliminye kwa ukucha pale chini ya kichwa, kwenye kile kishina kirefu. Mafuta yakishamtoka vidoleni na kumpanda puani, ndipo umtajie jina. Hapo hatahitaji tafsiri ndefu. Na Muingereza akilitamka kwa namna ya kwao, mwache. Wataalamu wenyewe hawasomi Kilatini kwa sauti moja.

Mama yako anakusalimu, anauliza utakuja lini kuchambua.

Baba yako