Barua ya sheha ipo, mbona makao hayapatikani?

SWALI: Kaka yangu, miaka 32, ana ulemavu wa viungo. Mama aliyekuwa akimhudumia sasa naye hajiwezi. Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu, ya kumwombea makao ya kutunziwa tumeshaipeleka Ustawi wa Jamii, kimya. Tufanyeje? (Msomaji, Wete)

JIBU: Pole, ndugu yetu. Barua ya sheha peke yake haitoshi. Mara nyingi kinachokwamisha ni ripoti ya daktari iliyotaja maradhi bila mahitaji: nani anamlisha, anageuzwa kitandani mara ngapi? Ombeni iandikwe upya, jina lilingane na la kitambulisho cha Mzanzibari. Mwombeni afisa aje kumuona nyumbani, mbakie na nakala yenye muhuri na tarehe. Limbani msiitegemee, ile ni nyumba ya wazee. Huku mkisubiri, pangeni zamu mumgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia. Vidonda vya kulala muda mrefu huanzia matakoni na visiginoni.