Fokacha ngumu, chini imeungua: jaribu hivi

Pole dada, nimekuelewa, mkate wako wa Kiitaliano umetoka mgumu kama biskuti, chini umeungua juu bado mweupe, na unauliza kama mawese yanafaa badala ya mafuta ya zeituni. Mi niko Ujiji naoka kwa mkaa pia, na huo ugumu naona ni unga umezidi. Donge la fokacha sio la chapati, hili lazima linate mikononi, yaani unga nusu kilo kwa maji mililita 375 hivi, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi viwili. Usiongeze unga! Paka mafuta mikononi, likunjekunje, liache liumuke, kwa joto letu hili saa moja inatosha kabisa, halafu liweke kwenye sufuria yenye mafuta, subiri nusu saa tena, ndo ubonyeze vidole mpaka chini. Kule Genoa, Italia, vile vishimo wanavimwagia maji ya chumvi na mafuta kabla ya kuoka, jaribu, ndani panabaki laini sana.

Mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko, chini weka kidogo tu.

Mawese tunayapenda Kigoma ila kwa hapa yatameza harufu ya rozimeri, yale majani ya kunukia yanayowekwa juu ya fokacha, bora alizeti.

Na usiokee ndani umefunga madirisha, moshi wa mkaa unaua hata usipouona, ukisikia kichwa kinauma au kizunguzungu toka nje haraka uende hospitali.