Kujenga Chumba cha Rubani wa MiG-21 kwa Ajili ya Filamu

Swali: Sisi ni kikundi cha vijana wa Jinja tunaotayarisha filamu fupi kuhusu rubani wa Jeshi la Anga la Uganda katika miaka ya 1970. Ndege halisi hatuna, na fedha zetu zinatosha kujenga chumba cha rubani wa MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, peke yake. Tufanye nini ili mtazamaji asitambue kuwa ni plaiwudi, na je, ni lazima tujenge jukwaa linaloyumba?

Jibu: Ndugu, nianze na hilo la jukwaa, kwa kuwa ndilo linalomaliza fedha za wengi bila sababu. Si la lazima. Kamera ikifungwa kwenye seti ileile anamokaa mwigizaji, vyote huyumba pamoja na mtazamaji haoni mwendo wowote. Kinachomjulisha kuwa ndege inageuka ni kivuli cha fremu ya kioo kinachopita juu ya kifua na uso wa rubani. Basi iacheni seti itulie, muisogeze taa. Tumieni taa moja yenye nguvu, iwe mbali kadiri ukumbi unavyoruhusu, nayo ifungwe kwenye mlingoti mrefu ambao mtu mmoja anaweza kuuzungusha polepole, kwa maana jua ni moja, na fremu moja ikitoa vivuli viwili uongo umefichuka. Entebbe, zilikokuwa ndege hizo, iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo tukio la saa sita mchana linataka mwanga unaoshuka kutoka utosini. Ndege ikiwa juu ya mawingu, tandazeni kitambaa cheupe chini ya usawa wa kioo ili mwanga urudi kutoka chini. Ikiingia winguni, ifunikeni taa kwa shuka nyeupe hadi vivuli vyote vipotee.

Mwigizaji naye afundishwe. Wengi hulalia upande kila ndege inapogeuka, kama abiria wa taksi ya Kampala kwenye kona, ilhali katika mgeuko uliofanywa vizuri rubani hatupwi upande, bali hukandamizwa kitini. Ndege ikilala digrii 60 na kugeuka bila kupoteza kimo, rubani huhisi uzito wake maradufu: mwenye kilo 70 anajiona ana 140. Mabega yashuke, kichwa kiwe kizito, na pumzi itoke kwa shida.

Kuhusu vipimo, fundi wenu atawashauri kukipanua chumba ili kamera ipate nafasi. Msikubali. MiG-21 ni ndege nyembamba, mabawa yake yana mita 7.15 tu kutoka ncha hadi ncha, na kule kubanwa mabegani ndiko kunakomfanya mwigizaji akae kama rubani. Jengeni kwa upana halisi, lakini kuta za pembeni, pua na mgongo wa kiti vifungwe kwa bolti, ili kila kipande kiondolewe kwa zamu kamera inapohitaji kuingia. Fremu ya mabomba ya chuma ya mraba mafundi wa Katwe wataichomelea bila taabu. Juu yake bandikeni plaiwudi nyembamba. Ikiwa mmechagua aina ya MF, mojawapo ya matoleo ya MiG-21, kifuniko cha kioo kifunguke kuelekea kulia, na rubani apande kutoka kushoto, hivyo rangi ichubuliwe kwenye ukingo wa kushoto na si kila mahali. Msijaze vichwa vya ribiti, maana katika ndege ya kasi ya namna hii huzamishwa vikawa sawa na bati.

Nyuso za mita zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi na kufunikwa kwa plastiki angavu iliyoinamishwa kidogo, isije ikaakisi kamera. Mwendo usomeke kwa kilomita kwa saa na kimo kwa mita, kwani ndivyo Wasovieti walivyopima. Msisahau mstari mweupe wa wima katikati ya dashibodi, unaomwonyesha rubani aielekeze wapi fimbo ya usukani ndege inapoanguka ikizunguka. Wanaozijua MiG-21 watautafuta.

Sare zisishonwe kabla ya kuwaandikia UPDF, yaani jeshi la Uganda, kwa kuwa raia kuvaa au kumiliki mavazi ya kijeshi bila idhini ni kosa nchini, hata kwa ajili ya filamu. Barua ieleze idadi ya sare, siku za kupiga picha na mahali zitakapohifadhiwa usiku, na nakala ya kibali ikae kwenye seti muda wote.