Uliza Bwana Shamba: Maua ya mbuni yamedondoka siku ya tatu, nimeuunguza?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina mbuni mmoja, yaani mti wa kahawa, wa aina ya arabika nimeupanda uani kwa urembo tu maana sina shamba. Umekaa miaka mitatu bila ua hata moja, sasa mvua ya kwanza ikanyesha baada ya kiangazi kirefu na kama wiki moja na nusu baadae naamka nakuta matawi yote meupe, harufu ya asumini mpaka ndani. Siku ya tatu yote yamekuwa kahawia yanadondoka. Nilikuwa nimeuwekea samadi, ndo nimeuunguza? Halafu shemeji ananicheka eti huo mti ni wa Brazil, huku kwetu hautazaa.
Mama wa Uani

JIBU: Marahaba mama. Samadi haina kosa na wewe huna kosa, maua ya mbuni ndo yalivyo, yanafunguka alfajiri na siku mbili tatu yamekwisha, kuna watu wanasafiri wikiendi tu wakirudi wameshapitwa. Vile vitumba vilikuwepo muda mrefu pale jani linaposhikana na tawi, kiangazi kimevilaza, mvua ya kwanza inaviamsha, na kuanzia hapo ni siku 8 mpaka 12 hivi yanafunguka kwa pamoja. Ndo maana ukiumwagilia kila siku mwaka mzima bila kuuacha uone kiu kidogo utaishia kupata maua machache machache, leo hapa kesho pale.

Sasa nenda kaangalie kwa karibu pale ua lilipodondoka. Utaona kitu kidogo cha kijani kama kichwa cha pini, hilo ndo tunda lenyewe. Litakaa wiki kadhaa kama halikui, usilichokonoe, kisha litaanza kunenepa, na mpaka liive liwe jekundu ni miezi 7 mpaka 9. Kuwa na mti mmoja wala sio shida, arabika inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, nyuki wakija ni nyongeza.

Huyo shemeji mwambie kwao arabika ni misitu ya milimani kusini magharibi mwa Ethiopia, kule Kaffa na jirani zake, na uwanda wa Boma Sudan Kusini, na hata Mlima Marsabit hapo Kenya ipo ya porini. Brazil wameipata karne ya 18. Kinachonichekesha mimi ni kwamba Kenya hiyohiyo yenye kahawa ya porini ilikuja kuanza kulima arabika kwa mbegu za wamisionari, kule Bura Taita mwaka 1893! Na hii ya porini IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, wameshaiweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka, misitu inakatwa na joto linapanda, kwa hiyo ukifika msituni usije ukang'oa mche, miche ya vitalu ipo.

Kujua kwao kunasaidia pia kwenye kuutunza. Msituni ni kichaka cha chini ya miti mikubwa, kimezoea kivuli chepesi. Ukikianika juani siku nzima kinazaa kupita nguvu zake, majani yanakuwa njano na matawi yanakauka kuanzia nchani, kwa hiyo tafuta kivuli cha mti mwingine, weka matandazo, na kama matunda yamejazana mwaka huu wa kwanza toa karibu nusu, najua roho itauma ila toa. Kupogoa subiri mpaka uvune, na usikate matawi yote machanga maana maua ya msimu ujao yanatoka humo.

SWALI: Mimi wangu unatoa maua kila msimu, unanukia vizuri, ila tunda hakuna kabisa mwaka wa nne huu. Majani ni makubwa kuliko ya jirani. Niukate?
Msomaji

JIBU: Usiukate bado. Kwa hayo majani nahisi ni robusta, aina nyingine ya kahawa, ambayo ni mzazi mmoja wa arabika ila tabia zao tofauti, robusta haijichavushi hata kidogo, inataka chavua ya mti mwingine. Panda wa pili karibu, ila sio kwa kipande ulichokata kwenye huohuo maana hapo ni mti uleule tu. Otesha kwa mbegu kutoka mti mwingine kabisa, na dawa za wadudu usipige maua yakiwa wazi.