Mshale wa temperecha unaocheza kwenye Land Rover Series III
Kaka, kwa kuwa unasema mshale unaruka toka baridi hadi moto na kurudi, usikimbilie kununua thamostati (kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini). Angalia kwanza geji ya mafuta ya tangi: nayo inacheza? Kama zote mbili zinacheza pamoja, injini huenda haina kosa. Kwenye Series III geji hizo mbili zinalishwa na kifaa kimoja nyuma ya dashibodi, kinachopunguza umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Kikichoka, au athi yake (pale kinapogusana na bodi ya gari kurudisha umeme) ikishika kutu (Landrova na kutu, unajua mwenyewe), mishale yote inapotea njia.

Ikicheza ya joto peke yake, washa swichi, chomoa waya wa sensa (kipima joto cha maji) kwenye injini: mshale ushuke baridi. Uguse waya huo kwenye bodi ya injini sekunde chache tu, mshale upande hadi moto. Mshale ukitii hivyo, geji na waya ni vizima, badili sensa.

Ila kabla ya yote hayo hakikisha maji ya rejeta yamejaa, injini ikiwa imepoa kabisa. Sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji, inadanganya vilevile.