Safari fupi ya RV: piga kambi Hunting Island, historia iko njiani

Wengi wakikodi RV, yaani gari kubwa la kulala lenye jiko na choo ndani, kwa mara ya kwanza hutaka kuona kila kitu: leo hifadhi hii, kesho ile, majimbo matatu ndani ya wikendi moja. Siwashauri hivyo. Kila ukihama unachomoa umeme, unakunja mpira wa maji, unafunga makabati vyombo visianguke, na jioni unaanza upya. Kama una siku tatu au nne, chagua kambi moja yenye historia jirani, utulie hapo.

Sisi tunaishi Charlotte, North Carolina, na mahali ninapowaelekeza watu siku zote ni Hunting Island, hifadhi ya jimbo la South Carolina kwenye Bahari ya Atlantiki. Kutoka mji wa Beaufort ni kilomita kama 25, na karibu kila cha kuona kiko kwenye barabara hiyo au kando yake kidogo. Weka nafasi miezi mingi kabla, maana viwanja vya karibu na bahari huwahiwa. Nenda Machi, Aprili au mwishoni mwa Oktoba. Julai joto lina unyevu wa kuchosha, na usubi wa vinamasi vile hauna huruma.

Kuhusu gari lenyewe, mambo machache. Likiegeshwa, lisimame sawasawa. Friji nyingi za gesi hazifanyi kazi vizuri gari likiinama. Wakati wa kurudi nyuma, mtu ashuke asimame mahali unapomwona kwenye kioo, aangalie na matawi ya juu. Kwenye umeme wa ampea 30, usiwashe kiyoyozi na maikrowevu pamoja, umeme utakatika. Siku ya kuondoka, vaa glavu, fungua kwanza tangi la choo, kisha la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ili haya ya pili yausafishe mpira wa maji machafu. Na kama mnakwenda familia mbili, mmoja aje na gari dogo. Kuegesha RV katikati ya Beaufort ni kazi, na gari dogo linawaacha huru mchana kutwa.

Hapo kambini kuna mnara wa taa wa mwaka 1875, uliojengwa kwa mabamba ya chuma yanayofunguliwa. Walijua bahari inakula kisiwa, na kweli mwaka 1889 waliufungua wote wakauhamishia ndani zaidi. Una ngazi 167. Kabla hujawaahidi watoto kupanda, uliza kama uko wazi.

Lakini kilichonifanya niandike ni kisiwa cha St. Helena, unachokipita ukielekea mjini. Novemba 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, jeshi la Kaskazini, lililopigana na majimbo ya Kusini yenye utumwa, liliteka eneo hili. Wenye mashamba wakakimbia, watumwa wakabaki. Mwaka uliofuata ikaanzishwa shule ya kuwasomesha, ambayo leo ni Penn Center, kituo cha historia na utamaduni. Miaka ya 1960 Martin Luther King Jr. alikuja hapa kupanga mikakati na wenzake, kwa sababu Kusini yote palikuwa na sehemu chache mno ambapo Weusi na Weupe waliweza kukaa pamoja. Vuka barabara uone kanisa la matofali la mwaka 1855: watumwa ndio walilijenga, halafu wakawa wanakaa juu, kwenye roshani. Tenga nusu siku nzima kwa Penn Center.

Mbele kidogo kuna magofu ya Chapel of Ease, kanisa dogo la zamani. Sogea hadi ukutani. Utaona magamba ya chaza yamejaa ndani yake, kwa sababu walichoma magamba kupata chokaa, wakachanganya na mchanga na magamba mazima. Aliyekulia Kilwa au Lamu, kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, atasimama pale kwa muda mrefu.

Beaufort kwenyewe, mtafute Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa hapa mwaka 1839. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, kwenye bandari ya Charleston, yeye na mabaharia wenzake waliichukua Planter, meli ya jeshi la Kusini, wakawapakia wake na watoto wao. Akavaa kofia ya nahodha, akapiga honi za ishara sahihi kila ngome, wakapita na kuikabidhi kwa jeshi la majini la Kaskazini. Baadaye aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani, akawa mbunge wa taifa. Nyumba hiyo, iliyoko Prince Street, itazameni kutoka barabarani bila kuingia uani. Kaburi lake liko Tabernacle Baptist Church, pamoja na sanamu yake. Anzieni hapo asubuhi, kabla jua halijawa kali, kisha rudini kisiwani mkipitia St. Helena.